Kiu Isiyokatika, Mkojo Usio na Sukari

Jioni hii nazungumza na yule aliyekwenda zahanati akilalamika kwamba anakunywa maji mchana kutwa, na usiku halali kwa kwenda haja ndogo. Akachomwa kidole, akapimwa sukari, ikaonekana iko sawa. Akaambiwa: huna kisukari wewe, punguza kunywa maji, nenda kapumzike. Ushauri huo wa mwisho, wa kupunguza maji, ndio unaonitia wasiwasi, na ndio ulionileta mbele ya kipaza sauti.

Upo ugonjwa mwingine wa kiu na mkojo ambao hauhusiani na sukari hata kidogo. Kitaalamu umeitwa kwa miaka mingi diabetesi insipidasi. Ni wa nadra: makadirio yanayotumiwa na madaktari ni mtu mmoja katika kila watu 25,000. Utasema hao ni wachache mno. Haya, chukua idadi ya Watanzania iliyotoka katika Sensa ya mwaka 2022, watu milioni 61.7, uigawanye. Ikiwa makadirio hayo yanashika na huku kwetu, unapata watu wapatao 2,500. Hao wana wazazi, wana walimu, na siku moja wataingia wodini. Wote wanaowazunguka wanapaswa kuujua ugonjwa huu.

Tuanze na figo. Figo zetu mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, lakini mtu mzima mwenye afya hukojoa lita moja hadi mbili tu. Maji mengine yote hurudishwa mwilini. Hatua ya mwisho ya kuyarudisha huongozwa na homoni iitwayo vasopresini. Homoni hii hutengenezwa ndani kabisa ya ubongo, mahali panapoitwa haipothalamasi, kisha huhifadhiwa katika tezi ya pituitari, tezi yenye upana wa kama sentimita moja iliyoning'inia chini ya ubongo. Mwili ukipungukiwa maji, homoni huachiliwa, inasafiri na damu hadi kwenye figo, na huko vijia vidogo sana vya kupitisha maji hufunguka katika kuta za mirija. Peter Agre wa Marekani alitunukiwa sehemu ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003 kwa kugundua vijia vya aina hiyo. Maji yanarudi, mkojo unabaki mchache na wenye rangi.

Homoni hiyo ikikosekana, maji yanapita tu. Na hata ikiwepo, figo zisipoiitikia, ni yale yale. Mgonjwa anakojoa lita tano, lita nane. Wapo wanaofikia lita 20 kwa siku, dumu zima lile la njano tunalochotea maji. Mkojo wenyewe hauna rangi wala harufu ya kutajika. Na kiasi kile kile kilichotoka lazima akinywe tena. Watu wengi wanalielewa jambo hili kinyume, wanadhani anakojoa sana kwa sababu anakunywa sana, hivyo wakimzuia kunywa atapona. Sivyo. Anakunywa kwa sababu maji yanamtoka, na ukimzuia yataendelea kumtoka.

Nataka ulishike hili, ndugu msikilizaji, hata kama mengine utayasahau. Mgonjwa mzima wa akili, mwenye maji karibu na mwenye ruhusa ya kunywa, anaweza kuishi miaka mingi na ugonjwa huu bila kuanguka. Kiu inamlinda. Hatari inaingia pale kikombe kinapokuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Mwaka 2009, katika hospitali moja kubwa ya London, kijana wa miaka 22 alilazwa kubadilishiwa nyonga. Alikuwa amewahi kuugua uvimbe kwenye ubongo na alikuwa na diabetesi insipidasi, kwa hiyo alitegemea vidonge vya homoni. Baada ya upasuaji hakupewa vidonge vyake kama ilivyopasa. Kiu ikampanda, akaomba maji. Sodiamu, yaani chumvi ya damu, ikapanda, na sodiamu ikipanda sana ubongo hunywea na mtu huanza kuchanganyikiwa na kufoka. Wahudumu wakamwona mkorofi, wakamdhibiti, wakampa dawa ya kumtuliza. Alifikia kupiga simu polisi akiwa kitandani, akisema ana kiu. Polisi wakafika wodini, wakaambiwa mambo yako sawa, wakaondoka. Alifariki kwa kukaukiwa maji, katikati ya mojawapo ya miji yenye hospitali bora duniani. Uchunguzi wa kifo chake mwaka 2012 ulisema wazi kwamba uzembe ulichangia.

Maji yalikuwepo pale, na dawa ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuelewa maana ya ile kiu. Vifo vya namna hii vimechangia uamuzi wa vyama vya kimataifa vya madaktari wa homoni na wa figo, mwaka 2022, kupendekeza ugonjwa ubadilishwe jina: uitwe upungufu wa vasopresini kwa wale wanaokosa homoni, na ukinzani wa vasopresini kwa wale ambao figo zao haziiitikii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka huo huo, wagonjwa zaidi ya 1,000 waliulizwa, na wanane kati ya kumi walisema wamewahi kukutana na mhudumu wa afya aliyeuchanganya ugonjwa wao na kisukari cha kawaida. Mgonjwa anasema nina diabetesi, anapimwa sukari, inakutwa sawa, basi faili linafungwa. Mimi naunga mkono majina mapya kwa moyo wote.

Tuje nyumbani. Mtoto wa miaka sita anakojoa kitandani. Godoro linaanikwa juani kila asubuhi, jirani wanaona, wenzake wanamwimba kikojozi. Bibi anatoa amri: kuanzia saa kumi na mbili jioni asipewe maji. Kwa watoto wengi kukojoa kitandani ni jambo la kukua tu, huisha lenyewe. Lakini ukimwona mtoto anaamka usiku kutafuta maji, akikosa kikombe anakunywa ya kwenye ndoo ya kuogea, shuleni anaomba ruhusa kila baada ya muda mfupi, uzito hauongezeki na chakula anakikataa kwa sababu tumbo limejaa maji, huyo usimfungie maji na wala usimchape. Mpeleke akapimwe. Na wewe mwalimu, mtoto akija na barua ya daktari inayosema aruhusiwe chooni na awe na chupa yake ya maji darasani, tafadhali iheshimu barua hiyo kila siku, hata siku ya mtihani.

Aina ya kurithi ya ugonjwa huu ina hadithi inayonigusa. Katika baadhi ya familia za Nova Scotia, Kanada, wazee walisimulia kwamba zamani huko Uskoti mwanamke mmoja msafiri alipita nyumbani kwa watu na mwanawe mwenye kiu, akaomba maji, akanyimwa. Akamlaani mama mwenye nyumba: wanao wa kiume wateswe na kiu, na binti zako wairithishe laana hiyo kwa watoto wao. Ukiitoa laana, urithi wenyewe umeelezwa sawasawa. Kasoro iliyo ya kawaida zaidi katika aina hii ya figo imo kwenye kromosomu ya X. Mama huibeba mara nyingi bila kuugua, na mwana wa kiume ndiye anayeumwa. Mwaka 1969 watafiti wawili walidai kwamba wagonjwa wengi wa Amerika Kaskazini ni kizazi cha abiria wa meli iitwayo Hopewell iliyotia nanga Halifax mwaka 1761. Jeni ilipotambuliwa mwaka 1992 na familia mbalimbali kupimwa, ilionekana kasoro zao zinatofautiana mno kuweza kutoka kwa abiria wa meli moja. Ugonjwa huu unaweza kuzuka katika ukoo wowote, na mama aliyezaa mtoto wa namna hii hana kosa la kulipia.

Mtoto mchanga mwenye aina hiyo hana namna ya kuomba maji, na hapo ugumu unazidi. Anakuwa na homa zisizoeleweka, anatapika, anapata choo kigumu, analia, hanenepi. Akiwa ananyonya ziwa la mama dalili huwa nafuu, kwa kuwa maziwa ya mama yana chumvi na protini kidogo. Akianzishiwa maziwa ya ng'ombe hali hubadilika ghafla. Ushauri wa kutompa mtoto maji kwa miezi sita ya kwanza ni mzuri na ubaki pale pale kwa watoto wote wazima. Huyu akishathibitishwa, yeye daktari atampangia maji.

Vipi mtu anatambuliwa? Hatua za kwanza hazina gharama kubwa, na ndiyo maana nasikitika zinaporukwa. Pima mkojo wa saa 24. Ukiamka asubuhi, mkojo wa kwanza umwage chooni, andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye dumu safi la lita tano, ukijaza la kwanza chukua la pili, hadi kesho yake saa ile ile, na ule wa mwisho uingie pia. Mtu mzima anayepitisha mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani lita tatu kwa mtu wa kilo 60, anastahili uchunguzi zaidi. Kijiti cha kupimia mkojo kitaonyesha kama kuna sukari, na vingi vinaonyesha pia uzito wa mkojo. Ukiwa chini ya 1.005 kwa mtu anayelalamika kiu, figo haziukolezi. Damu ipimwe sodiamu, potasiamu, kalisi na sukari.

Baada ya hapo kuna kipimo cha hospitali, cha kumnyima mgonjwa maji kwa makusudi. Nakieleza kwa sababu nisingependa mtu akakijaribu sebuleni kwake. Asubuhi mgonjwa anapimwa uzito, anaonyeshwa kitanda, na kuanzia hapo hanywi chochote. Kila saa anakojoa kwenye jagi lenye alama, muuguzi anaandika kiasi. Damu inatolewa mara kwa mara. Mtu anakaa naye muda wote, maana kiu ile inaweza kumfanya mtu mzima mwenye heshima zake anywe maji ya bomba la chooni. Uzito ukishuka kwa asilimia tatu, yaani kilo moja na gramu 800 kwa mtu wa kilo 60, kipimo kinasimamishwa na anapewa maji. Kisha anachomwa sindano ya desmopresini, homoni ya kutengenezwa. Mkojo ukikolea, tatizo liko kwenye ubongo unaoshindwa kuitoa homoni. Mkojo ukibaki vile vile, tatizo liko kwenye figo. Kuna pia watu ambao homoni yao ni nzima na figo zao ni nzima, ila wamezoea kunywa maji kupita kiasi. Hao nao hubainika, na kuwapa desmopresini kungewadhuru.

Sababu ni nyingi, nitataja zile ambazo naona zinatuhusu zaidi. Majeraha ya kichwa ni mojawapo, na sote tunajua bodaboda zinavyojaza wodi zetu. Majeruhi asiye na fahamu hawezi kusema ana kiu. Ndugu anayemuuguza akiuona mfuko wa mkojo unajaa upesi, mkojo mweupe kabisa, zaidi ya mililita 300 kwa saa kwa saa mbili mfululizo, amwite muuguzi asisubiri daktari apite kesho. Kifua kikuu kikifika kwenye utando wa ubongo kinaweza kuharibu haipothalamasi au pituitari. Uvimbe karibu na pituitari, na upasuaji wa kuuondoa, huleta hali hiyo pia, na kwa wagonjwa wengine mwili ndio unajishambulia wenyewe. Mjamzito anaweza kuipata miezi ya mwisho, kwa kuwa kondo la nyuma hutoa kimeng'enya kinachovunja vasopresini. Kwa kawaida huisha wiki chache baada ya kujifungua. Upande wa figo, sababu kubwa kwa watu wazima ni lithiamu, dawa muhimu ya magonjwa ya akili. Anayeitumia akianza kukojoa kupita kiasi asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Amweleze daktari, maana yapo marekebisho yanayowezekana.

Kwa wanaokosa homoni, tiba ipo na inafanya kazi vizuri sana. Mwaka 1912 daktari Mjerumani, Alfred Frank, alieleza habari za mtu ambaye risasi ilikwama kwenye pituitari yake, akawa na kiu na mkojo usiokwisha. Mwaka uliofuata Farini wa Italia na von den Velden wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba sindano ya dondoo la sehemu ya nyuma ya tezi hiyo hupunguza mkojo. Vincent du Vigneaud alipata Nobeli mwaka 1955, na miongoni mwa kazi zake kulikuwa na kuichambua na kuitengeneza vasopresini. Kisha miaka ya 1960, wanakemia wa Prague wakatengeneza desmopresini, inayodumu mwilini muda mrefu kuliko homoni asilia. Leo ipo ya vidonge, ya kupuliza puani na ya sindano. Mtu aliyekuwa hajawahi kulala saa nne mfululizo anaimeza usiku, na asubuhi anaamka amelala kweli.

Ila ina hatari yake upande wa pili. Ukiwa na dawa mwilini, maji uliyokunywa hayatoki. Aliyezoea lita kumi kwa siku akiendelea na mazoea yale, maji yanarundikana na sodiamu inashuka: kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege. Kwa hiyo unywe kwa kiu, usinywe kwa mazoea. Madaktari wengi hushauri dozi icheleweshwe mara moja moja, mpaka mgonjwa aanze kukojoa sana tena, ili maji ya ziada yatoke. Mwulize daktari wako wewe ufanyeje. Mafua yakiziba pua, ya kupuliza haiingii vizuri. Na soma chupa: ya ugonjwa huu kwa kawaida hutoa mikrogramu 10 kwa mpulizo, na iko nyingine ya wenye tatizo la kuganda damu inayotoa 150. Dawa yenyewe haipatikani kila duka, kwa hiyo tafuta nyingine kabla ya vidonge vya mwisho.

Kwa wale wa figo, desmopresini haisaidii sana. Nguzo yao ya kwanza ni maji, ya pili ni kupunguza chumvi, na naomba nilidadavue hili la chumvi. Kila chumvi unayokula lazima itoke kwenye mkojo, na ili itoke inahitaji maji ya kuibeba. Figo nzima huikoleza, zikaitoa kwenye mkojo kidogo. Figo zisizoweza kukoleza zinahitaji takriban lita moja na robo tatu za mkojo ili kutoa gramu tano za chumvi, kijiko kimoja cha chai. Sasa fikiria sahani ya ugali na ng'onda, au chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili. Mama anayepika akiishusha chumvi ya nyumba nzima, amemwondolea mgonjwa safari kadhaa za chooni usiku huo. Dawa yao nyingine huwashangaza watu: ni jamii ya thayazaidi, vidonge vile vile vya presha vinavyojulikana kwa kukojoza. Kwa mgonjwa huyu aliyepunguza chumvi, hupunguza mkojo. Huenda akaongezewa amiloraidi ili potasiamu isishuke, au indomethasini kwa uangalizi, kwa kuwa hiyo inaweza kuumiza tumbo na figo.

Waislamu wenye ugonjwa huu huniuliza kuhusu Ramadhani. Mwenye aina ya figo, au yeyote ambaye mkojo wake haujadhibitiwa, kukaa kutwa bila maji kunamhatarisha maisha, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Aliyetulia kwa dawa azungumze na daktari wake na shekhe wake majuma kadhaa kabla ya mwandamo, si usiku wa kuamkia.

Hilo hilo la kufunga liko hospitalini kabla ya upasuaji, pale kadi inapoandikwa "asile, asinywe". Mgonjwa huyu awekewe dripu tangu maji yanapokatazwa, dawa yake iendelee, na sodiamu ipimwe. Kwa aina ya figo, dripu ya chumvi peke yake inaweza kuipandisha sodiamu zaidi. Mara nyingi wanahitaji ya glukosi asilimia tano, na daktari aamue mwendo wake, maana sodiamu iliyopanda muda mrefu haishushwi kwa pupa. Akitapika au kuharisha nyumbani hadi vidonge visikae tumboni, aende hospitali siku ile ile.

Mwisho, tembea na kadi. Kipande cha karatasi ngumu kilichowekwa plastiki kinatosha. Kwenye kadi hiyo daktari aandike majina yote mawili ya ugonjwa, la zamani na jipya, aongeze kwamba si kisukari cha sukari, ataje dawa na dozi, namba yake ya simu, kisha kwa herufi kubwa: ASINYIMWE MAJI, DAWA ISIKATIZWE. Nakala ya pili abaki nayo mtu mnayeishi naye, na unapolazwa aibandike mwenyewe kwenye ubao wa kitanda chako.